Mashine Mpya Itoke Lini? Kisa cha Sega Kilivyosomwa Katika Banda la PS Kisauni

Khaleti yangu ana banda la PS, yaani PlayStation, mashine ya gemu ya Sony, huku Kisauni, Mombasa. Ni chumba kimoja cha mabati chenye feni mbili, mabenchi ya mbao na mashine nne: PS4 tatu, na PS3 moja ambayo watoto wadogo huicheza kwa nusu bei. Mechi ni shilingi 20. Pesa hizo ndizo zilizomsomesha binti yake hadi kidato cha nne, na mimi ndiye fundi wa banda tangu siku ya kwanza.

Jioni moja alinipigia simu. Sikuwahi hata kumaliza shikamoo.

"Mwanangu, njoo. Kuna mtu amekuja hapa yuaniambia hizi PS4 zishakufa. Yuataka nimpe zote tatu, anipe PS5 mbili, salio nimlipe kidogo kidogo kila wiki. Na yule kijana wa jirani naye yuaniambia nisithubutu, eti PS6 iko njiani. Nimuamini nani?"

Nilipoweka simu niliona kuwa swali lake ndilo hilo hilo wanalokaa nalo watu wa Sony, Nintendo na Microsoft mezani, ila yeye yuko mwisho wa mstari. Wao wanauliza watoe lini mashine ya kizazi kipya. Yeye anauliza anunue lini. Tarehe wanayoichagua kule Tokyo kwa Sony au Redmond kwa Microsoft ndiyo inayoamua kama PS4 ya Kisauni ni mali au ni chuma chakavu. Kwa hivyo kabla ya kumjibu nilirudi kwenye kisa kimoja ninachokijua vizuri, kwa sababu ndani yake kampuni moja ilichagua tarehe mara mbili, mara zote mbili ikawatangulia washindani wake Marekani, na mara zote mbili ikaanguka. Kampuni hiyo ni Sega.

Alhamisi, 11 Mei 1995

Siku hiyo Los Angeles kulikuwa na maonyesho ya kwanza kabisa ya E3, ambapo makampuni ya gemu hutangaza mashine zao. Sega ilikuwa na jina kubwa. Mega Drive yake, ambayo Wamarekani waliiita Genesis, ilikuwa imeshindana na Nintendo ana kwa ana. Mashine mpya, Saturn, ilikuwa tayari inauzwa Japani tangu Novemba 1994, na Marekani ilikuwa imetangazwa kuwa itatoka Jumamosi, 2 Septemba 1995. Maduka yalijua hivyo, watengenezaji wa gemu walijua hivyo, wazazi walijua hivyo.

Tom Kalinske, mkuu wa Sega Marekani, akapanda jukwaani akasema Saturn iko madukani tayari. Leo. Bei dola 399. Mashine kama 30,000 zilikuwa zimeshapelekwa kwa siri kwenye makampuni manne tu ya maduka. Baadaye siku hiyo hiyo Steve Race wa Sony akaitwa kuzungumza. Alitaja namba moja, 299, akashuka. Hiyo ilikuwa bei ya PlayStation.

Watu wengi wakisimulia kisa hiki hukaa kwenye ile dola 100 ya tofauti. Iliumiza, sikatai. Lakini mimi huwaangalia zaidi walioachwa nje ya mlango siku ile. Maduka ambayo hayakupewa mzigo yalikasirika, na KB Toys, iliyokuwa na matawi mengi, ikakataa kuuza bidhaa za Sega. Waliokuwa wakitengeneza gemu kwa hesabu ya Septemba walijikuta mashine iko sokoni na kazi yao bado iko jikoni. Mnunuzi akapeleka Saturn nyumbani, akamaliza zile gemu chache za kwanza, akabaki anasubiri miezi. Mashine bila gemu ni kama jiko bila gesi.

Kuna kundi jengine ambalo linanigusa zaidi. Novemba 1994, nusu mwaka tu kabla ya siku ile, Sega ilikuwa imewauzia Wamarekani kifaa kinachoitwa 32X kwa dola 159. Kilichomekwa juu ya Genesis ili kuiongezea nguvu, na maneno ya kuuzia yalikuwa kwamba mwenye mashine ya zamani ana njia ya kuingia kizazi kipya bila kununua kila kitu upya. Mzazi aliyemnunulia mtoto 32X sikukuu ya Krismasi, kufika Mei anaambiwa mashine yenyewe hasa ni nyengine, na bei yake ni zaidi ya maradufu. Gemu za 32X zikakauka upesi. Namfikiria mzazi yule kila nikimuona khaleti anahesabu sarafu jioni.

Kwa nini walikimbia? Waliiogopa Sony. Kalinske mwenyewe amesimulia baadaye kuwa amri ilitoka makao makuu Japani na yeye hakuitaka. Hofu ikichagua tarehe, anayelipa ni mteja. Mwisho wa yote Saturn iliuza mashine zaidi kidogo ya milioni 9 dunia nzima. PlayStation, iliyoingia Marekani miezi minne baada yake, ilipita milioni 100.

Mara ya pili mashine ilikuwa nzuri

Dreamcast, mashine ya Sega iliyofuata Saturn, ndiyo inayonifanya niamini kuwa tatizo halikuwa tarehe peke yake. Hii ilitoka Japani 27 Novemba 1998, na Marekani 9 Septemba 1999 kwa dola 199, ikiwa na modemu ya intaneti ndani, kitu ambacho PlayStation haikuwa nacho. Safari hii maduka yalijulishwa mapema na gemu zilikuwa za kutosha. Siku ya kwanza Marekani mauzo yalikaribia dola milioni 100. PlayStation 2 ilikuwa bado zaidi ya mwaka kufika huko.

Lakini imani ilikuwa imeshatumika yote. Mwaka 1997, kwenye E3, Bernie Stolar aliyekuwa ameingia uongozi wa Sega Marekani alitamka kuwa Saturn si mustakabali wao. Fikiria una duka, rafu zimejaa Saturn, na mwenye kampuni anasema hivyo hadharani, na mashine ya kuchukua nafasi yake bado ina miaka miwili kufika. Nani atanunua? Nani atatengeneza gemu? Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao. Sega iliacha mbachao wake, na msala wenyewe ulikuwa haujafumwa.

Matokeo yake yalionekana kwenye mpira. Electronic Arts (EA), waliokuwa na gemu ya mpira ya FIFA, walikataa kabisa kutengeneza gemu za Dreamcast. Nilipomweleza khaleti hili, ndipo alipokaa wima. "Mashine haina FIFA? Sasa wacheze nini?" Kwa mtu wa banda hapo hesabu imekwisha.

Wakati huo huo Sony ilitangaza PlayStation 2 mnamo Machi 1999, miezi sita kabla Dreamcast haijafika Marekani, na ndani ya tangazo kulikuwa na jambo moja lililowatuliza watu: PS2 itasoma diski za PlayStation ya kwanza. Mwenye rundo la diski nyumbani akaona hana haja ya kuhama, atasubiri. PS2 ikatoka Japani 4 Machi 2000. Tarehe 31 Januari 2001 Sega ikatangaza inaacha kutengeneza mashine. Dreamcast zilikuwa zimeuzwa karibu milioni 9.

Daraja

Sasa tazama walichokifanya Sony mwaka ule ule wa 2000. PS2 imetoka Machi. Julai, wakatoa tena ile PlayStation ya kwanza ikiwa ndogo, kwa jina la PS one. Mashine ya kizazi kilichopita, umbo jipya, miezi minne baada ya mrithi wake kuzaliwa! Waliendelea kuitengeneza hadi 2006. Na PS2 nayo ikatendewa vivyo hivyo: PS3 ilitoka Novemba 2006, lakini PS2 haikusimamishwa mpaka mwanzoni mwa 2013, na mwaka huo bado FIFA 14 ilitolewa kwa ajili yake.

Sisi Mombasa tuliishi ndani ya miaka hiyo. Mimi nilijifunzia ufundi kwenye PS1 za kugeuzwa kichwa chini ndiyo zisome diski, halafu PS2 za lenzi iliyochoka, pamba kijitini na spiriti, unapangusa taratibu kwa duara huku mwenye banda amekusimamia kwa sababu vijana wanamngoja. Mashine zile zilitufikia zikiwa zimeshashuka bei. Marekani PS2 ilianza dola 299 na ikafika dola 99 mwaka 2009. Ule mteremko wa bei ndio barabara inayoileta mashine mpaka Kisauni, Likoni na Changamwe. Kila shimo kwenye barabara hiyo tunalihisi sisi wa mwisho.

Hapo ndipo uamuzi wangu ulipo kuhusu kisa cha Sega. Kuwahi hakukuwaua, wala wasingepona kwa kuchelewa. Walikata daraja kabla watu hawajavuka. Pale kivuko cha Likoni, feri mpya ikiletwa, za zamani haziondolewi asubuhi ile ile. Zinabebana mpaka umma wote umefika ng'ambo. Mtengenezaji akitaka kujua kama saa ya kizazi kipya imefika, ahesabu ni wangapi bado wako upande wa huku, na kama ana chombo cha kuwabeba.

Najua atakayenijibu kwa Xbox 360. Microsoft waliitoa 22 Novemba 2005, mwaka mzima kabla ya PS3, na kweli waliwahi kushika wachezaji wengi hasa Marekani. PS3 ilipofika iliuzwa dola 499 na 599, na ndani ilikuwa na chipu ya Cell iliyowatesa watengenezaji wa gemu. Lakini mimi ni fundi, na ninajua ile haraka ilinunuliwa kwa nini. Zile taa tatu nyekundu zilizowaka kwenye Xbox 360 zilikuwa ni maungio ya chipu yakipasuka kwa kupata moto, kupoa, kupata moto tena. Julai 2007 Microsoft waliongeza dhamana hadi miaka mitatu na kutenga zaidi ya dola bilioni 1 kwa ajili ya tatizo hilo. Na mwisho wa safari, Xbox 360 na PS3 zote ziliuza zaidi ya milioni 80. Ule mwaka mmoja wa mbele uliliwa wote njiani.

Tuje leo

PlayStation ya kwanza ilitoka 1994, ya pili 2000, ya tatu 2006, ya nne 2013, ya tano Novemba 2020. Miaka 6, 6, 7, 7. Ndiyo sababu kijana wa jirani anasema PS6 iko njiani. Amehesabu vidole, akapata 2027. Hesabu yake haina kosa, ila kalenda haipaswi kuwa ndiyo inayoamua.

Mwaka 2024 Sony wenyewe walieleza kuwa karibu nusu ya watu wanaocheza kwenye mtandao wao kila mwezi bado wako kwenye PS4. Nusu, miaka mitatu na ushei baada ya PS5 kutoka. Septemba 2025, EA Sports FC 26, ambayo ndiyo ile FIFA kwa jina jipya, ilitoka na toleo la PS4. Mteremko wa bei nao umegeuka kilima: PS5 yenye sehemu ya diski ilianza dola 499 Marekani mwaka 2020, na Agosti 2025 ikafika dola 549. Sijawahi kuona hivyo katika kazi yangu yote, mashine ya miaka mitano kuwa ghali kuliko siku iliyozaliwa. Kuelekea mwisho wa 2025 bei ya memori nayo ilipanda kwa sababu vituo vya kompyuta vya akili mnemba vinazinunua kwa wingi, na mashine ya gemu haitengenezwi bila memori.

Kwa hivyo ningekuwa na kiti kwenye meza ile, ningesema hivi: msitoe kabla ya 2028, na hata mwaka huo msitoe mpaka PS5 imeshuka bei ikaonja maisha ya PS2. Nintendo walikaa na Switch tangu Machi 2017 hadi Juni 2025, miaka 8, wakauza zaidi ya milioni 150, na Switch 2 ilipotoka ikiwa inacheza gemu nyingi za ile ya kwanza, iliuza zaidi ya milioni 3.5 ndani ya siku nne. Hakuna aliyewakimbia kwa kusubiri. Na mashine mpya iwe na tundu la diski. Nasisitiza hili. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 kwa karibu dola 700 bila sehemu ya diski, ya diski ukanunue mbali. Diski ni kitu ambacho mwenye banda hununua, huazima kwa mwenzake, huuza msimu ukiisha akaongeza kidogo akapata ya mwaka mpya. Gemu ya kupakuliwa haiazimiki wala haiuziki. Ukiondoa diski, umeondoa riziki ya watu ambao hata huwajui.

Nilichomwambia khaleti

Nilifika bandani asubuhi, kabla ya wateja. Nikaifungua ile PS4 ya katikati, ambayo vijana walikuwa wakilalamika kuwa inavuma kama ndege inayopaa. Ndani, mapezi ya kupoozea yalikuwa yameziba kwa vumbi lililoshikana na unyevu wa bahari mpaka limekuwa kama blanketi. Nililibandua kwa kibano kipande kizima. Dawa ya joto juu ya chipu ilikuwa imekauka, inabanduka kama chokaa ya ukutani. Nikasafisha kwa brashi na spiriti, nikapaka dawa mpya, nikafunga. Ilipowaka, khaleti akaniuliza kama imewaka kweli, kwa sababu hasikii kitu.

Kisha nikaomba daftari lake. Khaleti huandika kila mechi, na jina la gemu. Kurasa na kurasa: mpira, mpira, mpira, Mortal Kombat, mpira. Vijana wake wanalipia kumfunga mwenzao mabao matatu mbele ya mashahidi. Hilo PS4 inalitimiza, na FC ya mwaka ule bado ilikuwa na diski ya PS4.

Nikamuuliza swali moja tu kuhusu yule mfanyabiashara. Kama PS4 zishakufa, yeye anazitakia nini zote tatu? Akanyamaza. Halafu akasema polepole, "Yuenda kuziuza." Naam. Na zile malipo za kila wiki, nilipozijumlisha kwenye karatasi, zilikuwa zinapita bei ya PS5 dukani kwa mbali. Niliingiwa na hasira ambayo sikuificha. Mtu anamtisha mama wa watu kwa jina la mashine ambayo haijatoka, ili achukue mashine ambazo zinamlisha.

Ushauri wangu ulikuwa huu: PS4 zote zibaki. PS5 anunue moja, kwa pesa taslimu, akishazikusanya, na iwe yenye sehemu ya diski. Sababu ya moja ni kwamba PS5 inacheza karibu gemu zote za PS4, na ukiwa unacheza gemu ya PS4 ndani yake, pedi za PS4, zile za kushika mkononi, zinafanya kazi. Hilo watu wengi hawalijui. Gemu ya PS5 yenyewe inakataa pedi ya zamani, lakini diski ya FC ya PS4 ndani ya PS5 inazikubali bila shida. Kwa hivyo diski zake na pedi zake zote zinavuka naye. Daraja lipo, alitumie. PS6 ikija 2027 au 2029, atakuwa na mashine ya kati inayoingiza pesa.

Ilimchukua miezi mitano kukusanya. Tulinunua ile nyembamba ambayo sehemu yake ya diski inachomolewa. Mara ya kwanza inadai intaneti ili iitambue sehemu hiyo, na banda halina waifai, ikabidi nitumie bando la simu yangu huku tumeinamia skrini sote wawili. Nikaiweka juu ya rafu mbali na ukuta ili ipumue, feni ikielekezwa pembeni.

Khaleti akaandika bei kwa chaki: mashine mpya, shilingi 30. Jioni vijana wakaja, wakaitazama, wakaisifu, mmoja akaipiga picha. Kisha wakapanga foleni kwenye PS4 ya shilingi 20. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu, nilikuwa pale nabadilisha mpira wa pedi ulioliwa, nikamuona anainuka, anafuta ile 30 kwa kitambaa cha leso yake, anaandika 20. Akatoa diski ya FC kwenye PS4 ya katikati, akaipangusa kwa nguo, akaiingiza kwenye mashine mpya, na kumkabidhi kijana wa kwanza ile pedi ya zamani.

"Cheza, mwanangu," akasema, akafungua daftari.